Kabla hujang'oa gavana ya injini, pima vali: uzoefu wangu na minibaiki ya zamani Nairobi

Kwa mtu wa Nairobi anayependa vyuma vya zamani, sijaona injini ndogo inayolipa jasho lako kama Briggs & Stratton ya hospawa 5, ile yenye vali (vimilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) pembeni ya silinda. Nimeifufua moja, nimeifunga kwenye minibaiki, nimeiendesha hadi nikaijua tabia. Naipa alama za juu. Ila nimejifunza pia kwamba matokeo yanategemea sana ni fundi gani ameifungua, na hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu pesa nyingi hupotelea huko.

Baiki yenyewe ni ya aina iliyoshamiri Marekani miaka ya 1960 na 1970: fremu ya mabomba, vigurudumu vidogo, haina gia, haina springi nyuma, na injini ni ile ile ya kuvuta maji au kukata nyasi. Ilikuwa stoo kwa familia moja ya mtaa wa Karen iliyokuwa inahama. Jina kwenye fremu lilikuwa limeshafutika, lakini injini ilikuwa bado na kifuniko chake cha feni, na kwenye kifuniko hicho ndiko Briggs hupiga namba. Ukijua kuzisoma hutapeliwi. Tarakimu moja au mbili za mwanzo za modeli ni ukubwa kwa inchi za ujazo. Yangu ni 13, yaani 12.57 iliyokadiriwa, au cc 206 hivi. Tarakimu mbili za mwanzo za namba ya "code" ni mwaka, na yangu inasema 71. Kisha baadhi huwa na herufi I/C, yaani Industrial/Commercial, alama ya zile ambazo silinda ina slivu (bomba la ndani) ya chuma cha kalibu. Zile zisizo na slivu, pistoni inasugua alumini tupu na lazima iwe imepakwa kromu. Mafundi wetu wa kuchonga silinda wamezoea chuma, kwa hiyo ukikuta mbili zinauzwa bei moja, chukua yenye I/C.

Karakana ya kwanza niliyoipelekea iko mjini na sitaitaja. Walinitia ringi mpya za pistoni, wakapaka rangi nyeusi ya kumetameta, wakanidai shilingi elfu nane. Injini iliwaka, na sauti ilikuwa nzuri. Lakini ukiikalia, ule mlima mdogo wa kutoka geti hadi barazani haikuupanda. Niliporudi kulalamika, jibu lao lilikuwa moja: "Boss, tutoe gavana, itapaa."

Gavana ni kifaa kinachozuia injini isizunguke kupita kasi iliyowekwa. Nilikataa, na nawasihi wenzangu mkatae. Injini hii imetengenezwa kuzunguka mara 3,600 kwa dakika, basi. Konrodi yake, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ni ya alumini na inashika kranki moja kwa moja, haina beringi za kubadilisha. Haina pampu ya oili. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo kinachochota oili kwenye sampu (sehemu ya chini inayokaa oili) na kuirusha huku na huku. Mtu atakwambia mbona injini ya boda inazunguka zaidi ya mara mbili ya hapo. Kweli, lakini ile ina pampu, ina beringi, na imeundwa kwa kazi hiyo. Ukiifungulia Briggs bila gavana, siku konrodi itakapokatika itatoboa ukuta wa injini, na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ikipasuka vipande vyake havichagui. Na ukiwa umekaa kwenye minibaiki, injini iko katikati ya miguu yako.

Halafu hata ungetoa gavana, mlima usingepandika. Gavana haipunguzi nguvu wakati injini imeelemewa. Hapo inakuwa imeshafungua kabureta yote. Kama injini inazimia mlimani, nguvu inavuja kwingine.

Aliyelijua hilo ni mzee mmoja wa Kariobangi Light Industries ambaye ametumia maisha yake kwenye pampu za maji na mashine za posho. Sikumwambia historia yote. Alishika flaiwili kwa mikono miwili, akaisukuma kinyume na inavyozunguka, akaiachia. Injini ya aina hii iliyo nzima hukataa: flaiwili inarudishwa kwa kishindo. Yangu ilisogea taratibu kama mlango wa jikoni. Akafungua bolti nane za hedi, kifuniko cha silinda, akaigeuza injini hadi uso wa silinda ukatazama juu, akahakikisha vali zote mbili zimefunga, akamimina mafuta ya taa juu yake. Upande wa inteki, vali ya kuingiza hewa, yalitulia. Upande wa ekzosi, vali ya kutoa moshi, ukichungulia kwenye tundu la moshi, yalikuwa yanatiririka.

"Kijana wangu, ringi zako hazina neno," akasema. "Ni ekzosi inakuibia."

Raha ya kazi ilikuwa hapo. Kwenye injini ya vali pembeni, vali zinakaa ndani ya bloku na hedi ni kifuniko tu, haina kitu kinachozunguka ndani yake. Hivyo kila kitu unakiona kwa macho. Alitoa kifuniko cha pembeni, akabana springi, akachomoa vali. Ile ya ekzosi ilikuwa na mashimo madogo madogo ukingoni, na siti yake, pale inapokalia, imevaa ganda jeusi la kaboni. Alipaka pesti ya kusagia, ya chenga kwanza kisha laini, akashika kijiti chenye mpira wa kunyonya, akaanza kupekecha kati ya viganja, akiinua vali kila baada ya muda na kuizungusha ili pesti isichimbe mahali pamoja. Alikuwa anasikiliza. Mwanzoni mlio ni wa mchanga. Ukishaanza kulainika, unakaribia. Alipofuta, ukingo ulikuwa na mstari wa kijivu, mpana sawasawa, usiokatika popote. Akasema mstari ukikatika hata sehemu ndogo kama punje ya mchele, endelea.

Kisha likaja jambo ambalo wale wa kwanza hawakuligusa kabisa. Ukisaga vali, inazama chini kidogo, na ule mwanya kati ya mguu wake na tapeti inayoisukuma unapungua. Injini hii haina skrubu ya kuseti tapeti. Unapata mwanya kwa kusugua ncha ya mguu wa vali yenyewe, na ukisugua kupita kiasi, vali hiyo imekwenda. Alikuwa anasugua kidogo kwenye jiwe, anarudisha, anapima kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia mwanya), anatoa tena. Vipimo vya kampuni ni milimita 0.13 hadi 0.18 kwa inteki na 0.23 hadi 0.28 kwa ekzosi, injini ikiwa baridi, na pistoni ikiwa imeshuka milimita 6 hivi baada ya kufika juu kabisa kwenye kompresheni, yaani ikikandamiza hewa. Hiyo ya kushuka milimita 6 usiidharau. Kemu ya Briggs, shafti inayofungua vali, ina kijinundu kinachoiacha inteki wazi kidogo ili kamba ya kuwashia iwe nyepesi kuvuta, na ukipima mahali pengine utapata kipimo cha uongo.

Jumla alinitoza shilingi 4,500, nikamwongezea. Gasketi ya hedi niliagiza kutoka nje, maana ile ya kukata kwa karatasi haihimili moto wa hapo. Ya kabureta aliikata mwenyewe na inafanya kazi mpaka leo. Baada ya kufunga, flaiwili ilinirudishia mkono kwa nguvu. Na kile kilima cha getini kikapandwa.

Kuhusu marekebisho, Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300. Hiyo hospawa 5 huku kwetu ni kama 4. Ndiyo maana nilikubali kitu kimoja tu cha kuongeza nguvu: kuisugua hedi kidogo juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo kinene. Ilikuwa imepinda, kwa hiyo kazi hiyo ilihitajika tu, na tulivyoendelea kuisugua kompresheni ikapanda kiasi. Huku hewa ni nyepesi, silinda haijazwi kama ya pwani, kwa hiyo nafasi ya kufanya hivyo ipo. Ningekuwa Mombasa ningeishia kwenye kunyoosha tu. Kabla ya kufunga tuliweka udongo wa kuchezea wa watoto juu ya vali, tukafunga hedi, tukazungusha, tukafungua kuona unene uliobaki. Usiruke hatua hii, vali ikigonga hedi umerudi mwanzo. Bolti za hedi hukazwa kwa Nm 16, kwa zamu, si kwa nguvu za mabega.

Hewa nyepesi pia inaifanya kabureta imwage petroli kupita kiasi. Plagi yangu ilikuwa nyeusi na yenye masizi. Kitabu kinasema anza na raundi moja na nusu za skrubu ya sindano. Mimi nimetulia kwenye raundi moja na robo, na plagi sasa ina rangi ya chai ya maziwa.

Moto wa plagi haukunisumbua. Pointi, swichi ndogo inayokatisha umeme ili plagi itoe cheche, ziko chini ya flaiwili, mwanya wake ni milimita 0.5, na zikichoka unaweza kufunga koili ya Magnetron, ambayo Briggs walianza kuitumia 1982 na inakaa kwenye bolti zile zile. Mwanya wa koili na flaiwili nilipima kwa kadi nene ya biashara.

Cheni na breki vilinipeleka Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado tunaiita Grogan. Habari njema ni kwamba cheni ya 420 ya pikipiki inakaa kwenye sproketi za nusu inchi za minibaiki bila ubishi. Ya 428 ya boda ina hatua (nafasi kati ya pini) ile ile lakini rola zake ni nene zaidi, usikubali uuzwe hiyo. Breki ya zamani ilikuwa kipande cha bati kinachosugua tairi. Hiyo niliitupa bila kuomboleza. Nilichongewa dramu ya breki kwa mafundi wa Kamukunji, bendi yake nikaipeleka kwa wanaobandika lainingi za breki za magari, na sasa inasimama kama inavyotakiwa. Kama una bajeti ya kitu kimoja tu kando ya vali, nunua breki.

Kitu ambacho sijaridhika nacho ni klachi. Niliinunua dukani ikiwa mpya, ya shafti ya robo tatu ya inchi, meno 12, na bushi yake ililia mapema. Muuzaji alisema ndivyo zilivyo. Si kweli, bushi ya shaba inataka tone la oili mara kwa mara, na sproketi ya nyuma isiwe ndogo mno. Nyuma nina meno 60, yaani tano kwa moja, na kwa matairi yangu hiyo ni karibu kilomita 38 kwa saa gavana ikiwa mahali pake. Nikipanda taratibu sana klachi inateleza na kupata moto. Nimeagiza ya meno 10, mwendo utashuka hadi kama 32, na sioni hasara: haina namba, haina taa, si ya barabarani, naiendesha uwanjani na kwenye shamba la mjomba huko Ngong.

Oili naweka SAE 30 ya kawaida, kama lita 0.6, na hata asubuhi za Julai haijawahi kuwa nzito kiasi cha kunikatalia kuwaka. Naimwaga ikiwa bado ya moto, kila baada ya saa 25 za injini, kwa sababu haina filta na kila uchafu unaobaki humo ndio kile kijiko kinachota na kuurushia konrodi.