Kijiji cha Makumbusho: nyumba zinazojieleza

Makumbusho mengi hututenga na historia kwa kioo, lakini Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za jadi za makabila ya Tanzania na kilichopo kando ya Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, humruhusu mgeni ainame, aingie na azoee giza la ndani kabla hajaambiwa lolote.

Nilikaa muda mrefu zaidi kwenye tembe la Wagogo. Paa lake bapa lililofunikwa udongo, kuta zake fupi na ua wa mifugo uliozungukwa na vyumba humfahamisha mtu, hata bila kusoma kibao, jinsi wakazi wa nchi kame walivyolinda ng'ombe wao, yaani uhai wao. Ukitoka hapo ukaingia kwenye msonge wa Wahaya, ulioezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, unatambua mara moja kwamba umefika kwenye mvua nyingi. Huo ndio upangaji ninaouheshimu. Ngoma za asili zinazochezwa hapo nazo zinapendeza.

Ombi langu ni moja: nyumba zinapoezekwa upya, kazi hiyo ifanywe mbele ya wageni, kwa kuwa nyasi na miti huoza, na ujuzi wa fundi ndio urithi wenyewe, pengine kuliko nyumba.