Upasuaji wa tezi dume kwa leza: uzoefu wangu

Nawaandikia wazee wenzangu, na watoto wao pia, maana mara nyingi mtoto ndiye anayetafuta habari hizi kwa ajili ya baba asiyetaka kulizungumza. Naishi Moshi, nimepita miaka sabini, na tezi yangu ilitolewa kwa leza. Nimeridhika. Ila kuna mambo ya kujua kabla hujatoa hata shilingi.

Altrasaundi ilionyesha tezi imepita gramu 100, wakati ya kijana ni kama 20 tu. Dawa za tezi, tamsulosin na finasteride, zilinisaidia kwa muda, kisha mkojo ukaziba kabisa, nikawekewa mpira wa kutoa mkojo. Kuishi na mpira ni mateso. Kupanda mlimani kwenye msiba, kukaa ndani ya basi mpaka Arusha, kila mahali akili yako iko kwenye ule mfuko uliofungwa pajani. Kinyama kilichotolewa kwenye tezi na kupimwa hakikuwa na saratani, ndipo tukaanza kuzungumzia upasuaji.

Daktari bingwa wa mkojo hapa Moshi alinieleza vizuri sana. Tezi ya wastani hukwanguliwa kwa umeme kupitia njia ya mkojo, na kazi hiyo inafanyika hapa hapa. Kubwa kama yangu mara nyingi hutolewa kwa kupasua chini ya kitovu. Leza ya holmium huweza kutoa hata tezi kubwa bila kisu, na huziba mishipa ya damu wakati inakata. Mimi natumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa sababu ya moyo, kwa hiyo hilo la damu ndilo lililoamua. Ukoo ukachanga, nikaenda Mumbai na kijana wangu.

Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Kifaa chenye kamera hupitishwa kwenye njia ya mkojo, leza ikabandua nyama iliyoota na kuacha ganda, kama unavyochota parachichi. Nyama husukumwa ndani ya kibofu, ikasagwa na kuvutwa nje, halafu ikapelekwa maabara. Dai jibu hilo kwa maandishi. Ipo leza nyingine, ya kijani, ambayo hugeuza nyama kuwa mvuke, na hapo maabara haipati cha kupima.

Mpira ulitolewa mapema, na mkojo ukatoka kwa nguvu ambayo nilishaisahau. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Lakini wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Mkojo ulichoma, ulikuja na damu damu, na ulivuja kila nilipokohoa au kuinuka. Hospitali iliyonipasua haikuniandaa kwa hilo, na naona ni kosa kubwa, maana mzee anaweza kudhani ameharibiwa. Nunua pedi mapema. Anza mazoezi ya kubana misuli, ile unayotumia kukata mkojo katikati, hata kabla ya upasuaji. Kwangu kuvuja kulipungua polepole hadi kukaisha.

La pili ni lile tusilopenda kuuliza. Baada ya upasuaji huu, kwa wanaume wengi manii hayatoki nje tena. Hurudi kibofuni na kutoka na mkojo. Nguvu zangu zimebaki zilivyokuwa, raha pia, ila anayetaka mtoto bado alijue hili mapema. Mimi na mama watoto tulikaa wote na daktari kabla ya safari, na hilo lilituokoa na maneno mengi nyumbani.

Kama tezi yako si kubwa na hutumii dawa za kuzuia damu kuganda, sioni sababu ya kuuza kihamba, yaani shamba la ukoo, ufuate leza. Kukwangua kwa umeme kunatosha. Ukiamua leza, muulize daktari amefanya wagonjwa wangapi kwa njia hiyo hiyo, kwani huchukua muda mrefu kuimudu.

Na kwa kuwa ganda la tezi bado limo, saratani inaweza kuota humo, hivyo naendelea kupima PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume. Anayetumia finasteride amwambie daktari kabla ya kusomewa majibu, kwa sababu dawa hiyo hushusha PSA karibu nusu.