Seva ya Minecraft: uifungue nyumbani au ulipie kila mwezi?

Umeme ulikatika saa mbili usiku, wapwa zangu wanne wakiwa ndani ya dunia yetu ya Minecraft, mchezo wa kujenga kwa bloku: wawili hapa Tabata, wawili Mwanza. Seva, yaani mashine inayobeba dunia hiyo ili wote waingie, ilikuwa kompyuta kuukuu chini ya meza ya sebuleni. Umeme uliporudi, nyumba ya yule mdogo ilikuwa imekatwa kama kwa kisu. Mchezo huu huhifadhi dunia kwa vipande vya bloku 16 kwa 16, na kipande kimoja kiliharibika: upande huu jiko na ngazi, upande wa pili nyasi tupu. Kazi ya wiki tatu. Akaniuliza, "Mjomba, hukuweka kopi?" Sikuweka. Tangu hapo, kwenye seva yoyote naulizia kopi kabla ya bei.

Nafasi ya kwanza naipa Realms, huduma ya wenye mchezo wenyewe. Kwa Java Edition, toleo la kompyuta, ni dola 7.99 kwa mwezi, karibu Sh20,000, nanyi mnaingia wewe na wenzako 10 kwa wakati mmoja. Analipa mmoja tu, ila kila mchezaji awe amenunua mchezo wake. Kwa wanaochezea simu au konsoli, yaani Bedrock, Realms Plus ni bei hiyohiyo, na ipo ndogo ya dola 3.99 kwako na wenzako wawili. Dunia iko wazi hata wewe ukiwa umelala, na kopi hujiweka zenyewe; mtu akichoma kijiji mnarudi kwenye kopi ya kabla ya moto. Ubaya wake ni huu: Realms ya Java haipokei modi (nyongeza zinazobadilisha mchezo) wala plagini (nyongeza za seva), na mwenye simu hawezi kuingia humo. Kwa hiyo waulize wenzako wanachezea nini kabla hujatoa hela. Ukilipia kwa kadi pepe ya M-Pesa, kumbuka usajili hujirudia kila mwezi mpaka uufute.

Ya pili ni kukodi seva. Hii ni ya kundi lililochanganyika. Unaweka Paper, programu ya seva inayokubali plagini, unaongeza plagini ya Geyser, na wa simu wanacheza na wa kompyuta dunia moja. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 inatosha watu kumi wasiotumia modi nzito. Usivutwe na tangazo la kori nyingi, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi: kazi kubwa ya seva hii hufanywa na kori moja, inayotakiwa kumaliza mizunguko 20 kila sekunde. Kori moja yenye nguvu inashinda nane dhaifu. Uliza pia seva imekaa wapi, kisha lipia mwezi mmoja kwanza, mcheze jioni wote mkiwemo, muone kama bloku inavunjika papo hapo au inarudi. Ya mwaka mzima baadaye.

Ya tatu, nyumbani kwako. Programu ya seva ni bure, na watu wengi huishia kupiga hesabu hapo. Kompyuta inayokula wati 60, ikiwashwa mchana na usiku, inamaliza uniti 43 kwa mwezi. Kama nyumba yenu iko kwenye bei nafuu ya LUKU, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, seva peke yake imekula zaidi ya nusu, na mkivuka kiwango mnaanza kununua umeme kwa bei kubwa. Halafu kuna intaneti. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya IP kwa pamoja, hivyo hata ukifungua poti 25565, mlango wa seva ya Minecraft, kwenye rauta, mtu wa Mwanza hakufikii. Sisi tulipitia playit.gg, huduma inayowapitisha wachezaji mpaka kwenye kompyuta yako, na tukacheza, lakini usifungue seva nyumbani bila UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Kama wachezaji wote wako nyumba moja, Wi-Fi moja, hapo mambo yanageuka: nyumbani ndiyo nafasi ya kwanza, bando karibu haliguswi. Na kijana anayetaka kujifunza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwache aifungue, atajifunza mengi.

Ya mwisho ni seva za bure za mtandaoni kama Aternos. Seva huzimika watu wakitoka, na saa za msongamano unapanga foleni kuiwasha. Kwa kujaribu wikiendi moja, sawa.

Popote mtakapokuwa, seva ya kwenu iwashieni "white-list", orodha ya wanaoruhusiwa, siku ya kwanza, asiingie mtu msiyemjua.

Sisi tuko Realms sasa. Nyumba ilijengwa upya, safari hii ina ghorofa. Kila Jumapili nashusha kopi ya dunia nzima naiweka kwenye flashi, na nikichelewa, mdogo ananipigia.