Mbegu za kitani naendelea kununua, mafuta yake nimeacha

Mbegu za kitani nimezitumia kwa muda wa kutosha sasa, za kusaga mwenyewe jikoni, na mafuta yake ya chupa pia nimeyajaribu. Kina dada huniuliza kazini, huniuliza kwenye shughuli za harusi, na kila mmoja ameshasikia lake: kwamba zinaponya sukari, zinakata kitambi, zinayeyusha uvimbe. Nimeona niandike niliyoyaona mimi na niliyoyasoma, ili mtu akienda dukani ajue anachonunua. Kwa maoni yangu mbegu zina faida ya kweli na bei yake haiumizi. Mafuta ni jambo jingine, hasa kwa joto letu la Mombasa.

Kilichonifikisha huko ni tumbo kufunga. Nilipopimwa na kuambiwa damu imepungua, daktari aliniandikia vidonge vya madini ya chuma, na aliyewahi kuvimeza anajua vinavyofanya choo kiwe kigumu. Kazi yangu nayo ni ya kukaa. Nashughulikia makaratasi ya mizigo ya bandarini, asubuhi hadi jioni kitini, chai na mahamri mkononi. Mapapai nilikula, maji nilikunywa, nafuu ikawa ya kupita tu. Muuguzi mmoja ndiye aliyenitajia kitani, akanisisitizia niile iliyosagwa na nisiimeze pamoja na vidonge.

Zangu nazinunua Marikiti, kwenye maduka ya viungo. Ukiona muuzaji hakuelewi ukisema mbegu za kitani, mwambie alsi, maana Wahindi huziita hivyo na wauzaji wengi wamezizoea kwa jina hilo. Ni mbegu ndogo, bapa, zina ncha upande mmoja, na zinang'aa utadhani zimepanguswa kwa mafuta. Ziko za hudhurungi na ziko za rangi ya dhahabu. Za dhahabu huuzwa ghali zaidi, lakini kwa lishe hazipishani kwa jambo la maana, kwa hivyo mimi nachukua za hudhurungi. Usizichanganye na ufuta, wala zile nyeusi ndogo za kutia kwenye faluda.

Mzee ninayenunua kwake ndiye aliyenifundisha kuzijaribu kabla ya kulipa. Nilimwamkia, "Shikamoo, ami," akaitikia, kisha akachota mbegu chache kwa ncha za vidole akanitilia kiganjani. "Tafuna kwanza, mwanangu. Usinunue kwa macho." Nikatafuna. Mbegu nzima na nzuri ina ladha ya njugu, tamu kidogo, halafu inaacha ute ulimini. Iliyokaa sana ni chungu, na ukivuta pumzi unasikia harufu ya rangi ya mafuta. Harufu hiyo ina sababu yake: mafuta ya kitani ndiyo yaliyotumika miaka na miaka kutengenezea rangi za kupaka, kwa kuwa yakikutana na hewa hubadilika na kukauka. Ndiyo maana mbegu zinapoharibika hunuka hivyo. Ukiisikia, rudisha, hata kama muuzaji ni ndugu yako.

Sasa kusaga, na hapa ndipo pesa za wengi zinapopotea. Ganda la mbegu ya kitani ni gumu na linateleza. Ukiimeza nzima, sehemu kubwa itapita tumboni na kutoka ilivyoingia, na yale mafuta mazuri yaliyo ndani hutayapata. Mimi nasaga kwenye kile kikombe kidogo cha blenda cha kusagia viungo, muda mfupi tu, mpaka uwe unga wenye chengachenga. Nasaga wa juma moja, naufunga kwenye chupa ya jemu, nauweka kwenye friji. Mbegu nzima hukaa miezi mahali pakavu na pa baridi bila tabu, lakini ukishazivunja hewa na joto huanza kuyala yale mafuta. Kwa hali yetu wakati wa kaskazi, jikoni kukiwa kama tanuri, unga uliosahaulika juu ya kabati hauchukui siku nyingi kubadilika ladha. Kwa sababu hiyo hiyo siununui unga uliosagwa tayari kwenye mifuko ya plastiki inayopitisha mwanga, hata ikiwa na picha nzuri.

Nilianza na kijiko kimoja cha chai, nikapanda polepole hadi kijiko kimoja cha chakula, na sasa nakula viwili kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wake ni kama gramu 7. Ndani yake mna nyuzinyuzi kama gramu 2 na mafuta ya omega-3 ya aina iitwayo ALA kama gramu 1.6. Mwanamke mtu mzima anahitaji kiasi cha gramu 1.1 za ALA kwa siku, mwanamume 1.6, kwa hivyo kijiko kimoja tu tayari kimekutosheleza upande huo. Nautia kwenye uji wa wimbi ukishaepuliwa, nakoroga, naacha dakika chache. Uji unakuwa mzito na unavutika. Anayechukia bamia huenda akahitaji siku kadhaa kuuzoea. Ukitia kwenye maziwa lala hauonekani sana, na kwenye unga wa mahamri au chapati pia unaingia vizuri.

Juu yake kunywa gilasi nzima ya maji, na baadaye nyingine. Hili si la hiari. Nyuzinyuzi hizo hunyonya maji na kuvimba, ndivyo zinavyolainisha choo na kukisukuma. Ukizila kavu bila maji zinaweza kukuziba zaidi ya ulivyokuwa.

Matokeo kwangu yalikuwa wazi. Siku za mwanzo tumbo lilijaa gesi na likawa linanguruma, hata nikapunguza kijiko kidogo. Baada ya hapo choo kikaja kila asubuhi, laini, bila ya kukamua, na ule uzito wa kichwa ukaniondoka. Wala si mimi peke yangu: shirika la dawa la Umoja wa Ulaya linazitambua mbegu za kitani kama dawa ya tumbo lililozoea kufunga. Kati ya sifa zote zinazopewa mbegu hizi, hii ndiyo ninayoweza kumwambia mtu bila kusita.

Ya pili ni presha, na hapa naomba nisomwe kwa makini, kwa sababu inanihusu nyumbani. Mamangu ana presha ya kupanda na anameza vidonge. Jirani alimwambia akila kitani aviache. Nilimkatalia mama kwa heshima zote, nikakaa naye, nikamsomea utafiti wenyewe. Ulifanyika Kanada, ukachapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 110 waliokuwa na mishipa ya miguu iliyoziba waligawanywa, wengine wakapewa chakula chenye gramu 30 za kitani iliyosagwa kila siku, wengine chakula kisichokuwa nayo. Baada ya miezi 6, presha ya juu ya wale wa kitani ilikuwa chini kwa kiasi cha pointi 10 na ya chini kwa kiasi cha pointi 7, ukiwalinganisha na wenzao. Hilo si dogo. Lakini wengi wao walikuwa wakiendelea na dawa zao, na gramu 30 ni vijiko vinne vya chakula kila siku, miezi mfululizo. Mama sasa anakula vijiko viwili, daktari wake anajua, kipimo chake kinaandikwa kwenye daftari, na vidonge viko pale pale. Nambari zake zimekuwa nzuri, lakini pia amepunguza chumvi na anatembea jioni, basi siwezi kuzipa mbegu sifa yote.

Kwa lehemu mbaya mwilini, yaani kolesteroli, kuna jambo lililonisaidia kuamua kuhusu mafuta. Mwaka 2009 watafiti walijumlisha tafiti 28 wakaona kwamba mbegu zenyewe hushusha lehemu hiyo kwa kiasi, ila mafuta yake hayakuonyesha kushusha. Ukifikiri, inaingia akilini. Nyuzinyuzi zimebaki kwenye makapi wakati wa kukamua, na zile lignani, kemikali za mmea ambazo kitani ina wingi wake, nazo zimebaki huko. Kwenye chupa umebakiwa na mafuta matupu. Yana ALA nyingi, kama gramu 7 kwa kijiko cha chakula, lakini ukitafuta faida ya tumbo humo hakuna.

Chupa ya kwanza niliyonunua ilikuwa imepangwa kwenye rafu ya kioo dukani, jua la alasiri likiipiga. Nilipoifungua ilinuka kama kopo la rangi. Niliirudisha siku hiyo hiyo, wakaniambia bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Iliniudhi, maana mafuta haya hayapendi mwanga wala joto na muuzaji wa vyakula vya afya alipaswa kulijua hilo kuliko mimi. Chupa ya pili, kwingine, ilikuwa ya kioo cheusi na ilitolewa kwenye friji. Hiyo ilikuwa safi: rangi ya dhahabu, ladha ya njugu mbichi, nikaitilia kwenye kachumbari na juu ya mbaazi zilizokwisha kupoa. Tumbo langu halikuona tofauti yoyote. Kwa bei ya chupa ile ndogo ningepata mbegu za kula mimi na mama kwa muda mrefu. Anayeyataka kwa ajili ya ALA na hawezi unga, atafute ya chupa nyeusi, ayaweke kwenye friji, ayamalize katika wiki chache, na asiyakaangie kitu, kwani huanza kutoa moshi kwenye joto la chini sana.

Tena naomba sana: yale mafuta ya kitani yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ya kupaka milango na samani, si ya kunywa. Mengi yametiwa madini ya kuyafanya yakauke haraka. Nimeshamsikia mtu akisema ni yale yale, bei rahisi tu. Si yale yale. Na matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa pamoja yanaweza kushika moto yenyewe, kwa hivyo mwenye fundi nyumbani ayatandaze nje yakauke.

Wengine huambiwa kitani inatosha badala ya samaki. Haitoshi. ALA ya kwenye mbegu mwili hubadilisha sehemu ndogo tu kuwa zile omega-3 zilizomo kwenye samaki. Sisi tuna bahari mlangoni. Dagaa, simu (wale samaki wadogo kama dagaa) na jodari vinatupa zile zenyewe moja kwa moja, na fungu la simu haliwashindi wengi. Mimi nala vyote viwili.

Kwa dada zangu walio kwenye umri wa kukoma hedhi, wanaoshikwa na joto la ghafla usiku: nilikuwa na matumaini makubwa hapa, lakini utafiti wa Marekani wa wanawake 188, uliochapishwa 2012, haukuona kitani ikipunguza joto hilo kuliko chakula cha kulinganishia kisichokuwa nayo. Saratani pia mtu asikudanganye. Hakuna mbegu ya kuchukua nafasi ya hospitali.

Nywele ni habari nzuri zaidi. Mpwa wangu huchemsha robo kikombe cha mbegu nzima kwa vikombe viwili vya maji, anakoroga mpaka ute ukianza kuvutika kama wa yai, kisha anachuja haraka kwa soksi nyepesi ya nailoni kabla haujapoa, kwani ukipoa hauchujiki. Anaupaka kwenye nywele mbichi, mawimbi yanashika vizuri na hazikauki. Hazirefushi nywele, na ule ute lazima ukae kwenye friji, ukianza kunuka umwagwe.

Kabla hujaanza, zungumza na daktari ukiwa mjamzito, ukiwa unameza dawa za kuzuia damu kuganda, dawa za sukari au za presha, au ukiwahi kuwa na matumbo yaliyosokotana au kuziba. Dawa yoyote ya kumeza iachanishe na kitani kwa saa mbili hivi, kwa sababu ule ute unaweza kuizuia isinyonywe vizuri. Vidonge vyangu vya chuma navimeza usiku na kitani naila asubuhi. Na usile mbichi kwa wingi ukidhani itaharakisha: mbegu hizi zina kemikali zinazoweza kutoa sumu ya sayanaidi, kiasi ambacho kwa vijiko viwili mwili unakimudu vizuri, lakini hakuna haja ya kuzila kwa kikombe.

Ramadhani nabadilisha saa. Daku siigusi kitani, kwa kuwa mchana kutwa hakuna maji ya kuifuata. Naitia kwenye uji wa futari, kijiko kimoja badala ya viwili, halafu nakunywa maji kidogo kidogo mpaka baada ya tarawehe, na vidonge vya chuma navisogeza daku.