Kikokotoo cha grafu kinachomeza sita: ununue kipi?

Mwezi uliopita nilitaka kikokotoo cha TI-Nspire CX II CAS (CAS ni uwezo wa kufanya aljebra yenye herufi, siyo namba tu), nikafungashiwa TI-Nspire CX II. "Dada, ni hiyo hiyo, CAS mbwembwe tu," akaniambia muuzaji. Nyumbani nikaandika factor(6x²−x−2), yaani nitafutie vigawo, kikagoma. Ukikipa 12 kinaivunja vizuri, 2²·3, herufi hakitaki.

Rangi ya kioo na chaji kawaulizeni wengine. Mimi nauliza moja tu: ile 6 ya 6x² inakwenda wapi? Kikokotoo kisicho na CAS kinakuchorea mchoro wa 6x²−x−2 na kukuonyesha unapokata mhimili wa x: −0.5 na 0.6666666667. Mwanafunzi wangu wa twisheni akaandika (x+0.5)(x−0.67), akaweka kalamu chini, kamaliza. Zidisha uone: inaanza na x², siyo 6x². Sita imemezwa, theluthi mbili imekatwa mkia! Vigawo ni (2x+1)(3x−2).

1. TI-Nspire CX II CAS. Naipendelea, sifichi. Unaandika factor, unapata vigawo vyenye namba nzima, sita iko ndani. Soma herufi hizo tatu kwenye kikokotoo chenyewe kabla hujatoa hela.

2. HP Prime. Nayo ina CAS, na kioo chake ni cha kugusa.

3. TI-84 Plus CE. CAS haina. Ukishapata x, bonyeza MATH, chagua Frac, ikupe 2/3; hapo 3x=2, kigawo ni 3x−2. Mwenye mtoto wa IB (International Baccalaureate, mtaala wa shule za kimataifa) achukue hii, maana IB hawaruhusu CAS.

4. Casio fx-CG50. Inatatua milinganyo mpaka kipeo cha 6. Ile sita ya 6x² unairudisha mwenyewe.

Wa bei ndogo: GeoGebra ya simu ni bure na CAS inayo, ila simu haiingii chumba cha mtihani. Wa Kidato cha Sita msinunue chochote hapa, NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, hawataki kikokotoo cha kuprogramu.

Halafu bei! TI-84 Plus ile ya kioo kisicho na rangi ni ya 2004, chipu yake ya Z80 asili yake 1976, na dukani bado naambiwa "dola imepanda, dada." Imepanda kwa chipu ya 1976? Changu nilikirudisha dukani. Muuzaji akasema kikishafunguliwa hakirudi, akaniongezea mfuko wa kukibebea.