Kelele za EEG ndani ya MRI: kutoa wastani au OBS?

Ukirekodi EEG, yaani mawimbi ya umeme ya ubongo, mtu akiwa ndani ya MRI, mashine ya sumaku ya kupiga picha za mwili, kelele ya umeme ya mashine hiyo huyazidi mawimbi ya ubongo mara mia na zaidi. Ajabu, hiyo ndiyo rahisi kuondoa. Hujirudia vilevile, kwa hiyo kukokotoa wastani wake na kuuondoa kwenye rekodi, njia ya Allen na wenzake ya mwaka 2000, hufanya kazi kubwa, mradi saa za mashine zote mbili, ya EEG na ya MRI, ziende sambamba.

Kazi ipo kwenye moyo. Kila pigo hutikisa kichwa kidogo, na waya zikisogea ndani ya sumaku huzaa umeme. Hapa wastani hukwama, kwani mapigo hayafanani kabisa, na mabaki yake huangukia hata penye alfa, mawimbi ya ubongo yanayoongezeka mtu akifumba macho. OBS (optimal basis set), njia ya Niazy na wenzake ya mwaka 2005, huchambua maumbo makuu ya kelele hiyo, kisha huyapima upya kwa kila pigo. Naipenda zaidi. Ila ukiondoa maumbo mengi mno, unang'oa na ishara ya ubongo. Mimi huanza na matatu, halafu naitazama alfa mtu akiwa amefumba macho: ikififia, nimepitiliza.