Uzoefu wangu na shule ya msingi ya umma ya mtaani, Eastlands: mambo ya kukagua kabla ya kuandikisha mtoto

Tathmini hii ni ya shule ya msingi ya umma iliyo katikati ya mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, inayochukua watoto kuanzia PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea; wa pili ni PP2) hadi Gredi ya 9. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mengi ninayoeleza utayakuta Umoja, Kayole, Dandora au Kariobangi bila tofauti kubwa, na walimu wake hawafai kubebeshwa lawama za bajeti wasiyoipanga wao. Ninaandika kama mzazi mwenye watoto humo, ninayehudhuria pia vikao vya chama cha wazazi. Msimamo wangu ni huu: mtoto wa Gredi ya 1 ningempeleka pale tena, mradi nyumbani pawe na mtu wa kumsikiliza akisoma kila jioni. Kama mtu huyo hayupo, ningesita.

Sababu ni hesabu. Darasa la Gredi ya 4 lina watoto zaidi ya sabini, na kipindi chao ni dakika 35. Mwalimu akiingia kengele ikilia na asipoteze muda wowote, kila mtoto anapata kama nusu dakika. Mwongozo wa Wizara ya Elimu kuhusu usalama shuleni, wa mwaka 2008, unasema chumba cha mita 7.5 kwa 5.85 kisizidi watoto 40 wakikaa wawiliwawili. Vyumba vya pale vina ukubwa wa namna hiyo, lakini dawati la wawili linakaliwa na watatu. Anayeumia ni yule wa katikati. Hana pa kuweka kiwiko, mwandiko wake unabanana, na akiitwa ubaoni ni lazima wa pembeni anyanyuke kwanza ampishe, kwa hiyo hunyamaza hata kama jibu analijua. Mtoto wako akiwa mpole, mwombe mwalimu wa darasa awabadilishe nafasi kila wiki. Ni ombi dogo, halina gharama, na pale kwetu walimu hulikubali.

Msongamano huu una historia. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka katika shule za msingi nchini kwa mara moja. Nairobi mitaa imeendelea kujaa maghorofa tangu hapo, ilhali kiwanja cha shule ni kilekile. Kwa hiyo usiulize tu shule ina wanafunzi wangapi. Uliza kila gredi ina mikondo mingapi, yaani imegawanywa katika madarasa mangapi, na mkondo mmoja una watoto wangapi. Shule yenye watoto 1,500 na mikondo minne kwa kila gredi inaweza kuwa na nafasi kuliko yenye watoto 700 na mkondo mmoja.

Swali la pili, ambalo wazazi wengi hulisahau: kati ya walimu waliopo, wa TSC (tume ya serikali inayoajiri walimu) ni wangapi na wa bodi ni wangapi? Mwalimu wa TSC analipwa na serikali. Wa bodi huajiriwa na shule yenyewe, na mshahara wake hutegemea mchango wa wazazi. Mchango ukichelewa, ndiye wa kwanza kuondoka, mara nyingi katikati ya muhula, na darasa lake huunganishwa na jingine. Hapo ndipo sabini inapovuka mia. Kama mwalimu wa Gredi ya 1 au ya 2 ni wa bodi, uliza amekuwepo kwa muda gani.

Sasa madaftari. Hapa ndipo utaijua shule kuliko kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Omba jirani yako mwenye mtoto pale akuonyeshe daftari la hesabu na la Kiswahili. Tazama tarehe ya mwisho kusahihishwa, kisha utazame kama masahihisho yalirudiwa na mtoto na yakatiwa sahihi. Mwalimu mwenye watoto sabini hawezi kusahihisha madaftari yote kila siku. Mzuri hupanga kwa safu, leo safu ya dirishani, kesho ya katikati, hivi kwamba ndani ya wiki kila daftari limepita mkononi mwake. Ukiona kurasa nyingi mfululizo zenye alama za vyema zilizopigwa na watoto wenyewe wakibadilishana madaftari, jua darasa limemlemea mwalimu. Kwenye shule hii Gredi ya 1 hadi 3 inasahihishwa vizuri sana. Gredi ya 5 na 6 inalegea, hasa sayansi.

Kwa sababu hiyo ninasisitiza kusoma. Mtoto asipojua kusoma kufikia mwisho wa Gredi ya 2, kuanzia Gredi ya 4 masomo yote yanamtupa nje, na katika darasa lililojaa anaweza kupita mwaka mzima bila mtu kugundua. Kumpima nyumbani ni rahisi. Chukua hadithi ambayo hajawahi kuiona, ya kiwango chake. Weka saa ya simu dakika moja. Asome kwa sauti. Wewe hesabu maneno aliyoyatamka sawasawa, yale aliyokosea au kuruka uyaache. Kigezo kilichotumika kwenye Tusome, mpango wa kufundisha watoto kusoma, ulioenea shule za umma kuanzia 2015, ni maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza kufikia Gredi ya 2. Kisha muulize maswali mawili matatu kuhusu alichosoma. Wako watoto wanaosoma mbio wasielewe kitu. Wengi wa Nairobi huzungumza Sheng nyumbani na uwanjani, kwa hiyo msamiati wa vitabuni huwa mgeni kwao katika lugha zote mbili. Anza na Kiswahili, maana herufi inatamkwa jinsi ilivyoandikwa na mtoto anapata moyo haraka. Dakika 20 za kila jioni zinatosha.

Kuhusu pesa, neno "bure" lieleweke vizuri. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Igawe kwa mihula mitatu: haifiki shilingi 500 kwa muhula, na mara nyingi huja ikiwa imechelewa. Humo mtoe chaki, maji, umeme, askari wa lango na ukarabati wa madawati. Pengo hilo ndilo linaloletewa mzazi kwa majina mbalimbali: rimu ya karatasi, karatasi za mtihani, motisha ya walimu, mshahara wa walimu wa bodi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iko wazi: hakuna karo ya masomo katika shule ya umma, hakuna malipo ya kusajiliwa, ada nyingine ni lazima ziidhinishwe, mtoto asifukuzwe kwa kutolipa ada hizo, na kila pesa inayopokelewa itolewe risiti rasmi. Mimi hulipa ninachoweza, kwa sababu mwalimu wa bodi naye anakula, lakini silipi mkononi mwa mwalimu wala kupitia mtoto. Nalipa kwenye akaunti ya shule na kuchukua risiti. Malalamiko yangu makubwa kuhusu shule hii yako hapo: kuna muhula watoto walisimamishwa mbele ya wenzao kwa ajili ya pesa za mitihani. Tuliliwasilisha kwa bodi ya usimamizi kwa maandishi, likakoma. Andikeni barua na mbaki na nakala yenye muhuri. Kulalamika kwenye kikundi cha WhatsApp hakusaidii.

Tuisheni ya likizo nayo imekatazwa na sheria hiyohiyo. Kiboko kimepigwa marufuku tangu 2001, na mzazi asione haya kuuliza waziwazi mtoto mkosaji hufanywa nini.

Chakula cha mchana ndicho kilichobadilika kwa uzuri zaidi. Mpango wa Dishi na County ulianza 2023, na mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani. Chakula hupikwa kwenye jiko kuu na kuletwa shuleni kwa gari, kama wali na ndengu au maharagwe. Mtoto huvaa bangili ya kielektroniki. Mzazi hutia pesa kwa M-Pesa, mtoto hugusisha bangili kwenye kifaa, akapakuliwa. Matatizo ni ya kawaida na yanazuilika. Bangili hupotea, hasa kwa wa Gredi ya 1 wanaoivua wakinawa, kwa hiyo mzoeze kutoivua kabisa. Salio huisha bila mzazi kujua. Tia pesa ya wiki mbili, yaani shilingi 50 kwa siku kumi za shule, badala ya kutia kila asubuhi. Pale kwetu kila mtoto huja na bakuli na kijiko chake, na bakuli lisilo na jina halirudi nyumbani. Andika jina chini yake kwa rangi isiyofutika.

Vyoo usiambiwe, nenda ukavione, na uende saa ya mapumziko, usiende asubuhi kukiwa kumeoshwa. Mwongozo niliotaja juu unataka matundu manne kwa watoto 30 wa kwanza, tundu moja zaidi kwa kila 30 hadi wafike 300, kisha moja kwa kila 50. Kwa shule ya watoto 900 hiyo ni matundu 25. Hesabu yanayotumika, usihesabu yaliyofungwa kwa kufuli. Upande wa wasichana tazama komeo za ndani: mlango usiofungika unamfanya msichana wa Gredi ya 5 au 6 ajizuie mchana kutwa, au abaki nyumbani siku za hedhi. Tazama pia tangi la maji. Mtaa wenye mgao wa maji na shule isiyo na tangi la akiba maana yake ni mabomba ya kunawia yaliyokauka siku kadhaa kila wiki. Shule hii ina matangi, na maji yapo siku nyingi. Sabuni mara nyingi haipo.

Msimu wa mvua za masika, Machi hadi Mei, pita njia ambayo mtoto ataipita. Mwaka 2024 mafuriko yalisababisha shule nchini kuchelewa kufunguliwa hadi Mei 13, na mitaa iliyo kando ya mito iliumia zaidi. Iwapo kuna barabara kubwa kama Outer Ring au Jogoo, mtoto wa Gredi ya 1 asivuke peke yake hata kama daraja la miguu lipo, kwani watoto wakubwa hukatiza chini na wadogo huwafuata. Kumbuka pia kuwa wa Gredi ya 1 hadi 3 humaliza vipindi vyao mapema kuliko wakubwa. Panga nani atampokea kabla ya muhula kuanza.

Sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) iko kiwanja hichohicho tangu Januari 2023. Imechukua madarasa yaliyokuwa ya watoto wadogo, na maabara ni chumba cha kawaida chenye meza. Kwa anayeanza Gredi ya 1 hilo lisikuzuie, ila kwa Gredi ya 7 ningelinganisha na shule nyingine. Alama za KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, ni asilimia 20 tu ya jumla inayotumika kumpangia mtoto sekondari ya juu; asilimia 20 nyingine hutoka kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na 60 ni mtihani wa Gredi ya 9. Kwa hiyo shule inayojisifia KPSEA pekee haijakueleza mengi.

Kuandikisha: nenda kati ya Oktoba na Novemba, usingoje Januari, kwani wiki ya kufungua foleni hufika nje ya lango na mikondo huwa imejaa. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, ya kitambulisho chako na ya kadi ya chanjo, na picha ndogo za mtoto. Anayehama aongeze barua ya uhamisho, ripoti ya mwisho na UPI, yaani namba yake ya utambulisho wa mwanafunzi. Linganisha jina kwenye cheti na jina atakalosajiliwa nalo, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule. Tofauti ya herufi moja huonekana ndogo Gredi ya 1, kisha inakwamisha usajili wa KPSEA, na marekebisho ya cheti huchukua muda. PP1 na PP2 ziko chini ya serikali ya kaunti ingawa ziko ndani ya ua huohuo, kwa hiyo uliza kama mtoto wa PP2 anapita moja kwa moja hadi Gredi ya 1 au anaandikishwa upya. Pale kwetu anaandikishwa upya, lakini hupewa nafasi ya kwanza.

Sare usinunue kabla ya kupewa nafasi. Ukishapata, sweta ndiyo ya kutolea pesa nzuri. Shati na kaptula nunua mbili mbili Gikomba au kwa fundi wa mtaani, mradi rangi ilingane na kipande cha kitambaa utakachoonyeshwa ofisini.